Msiba Usiopoteza Muda

Ule ubao bado ninao. Mke wangu ameufanya mlango wa banda la kuku, na kuku wameudonoa mpaka maneno yamebaki nusunusu. Anayejua yalivyokuwa bado anaweza kuyasoma: kushoto KUFANYA, katikati INAFANYIKA, kulia IMEKWISHA. Mistari niliichora mwenyewe kwa rangi nyeusi iliyobaki baada ya kupaka madirisha. Niliionea fahari kuliko kitu chochote nilichofanya tangu nistaafu.

Nilistaafu kutoka Kemondo, kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, ambako nilikuwa msimamizi wa chumba cha kuchambulia. Karibu na mwisho wa utumishi wangu, mwenye kiwanda alileta mkufunzi kutoka Dar es Salaam atufundishe kupanga kazi upya. Kijana yule alisema mbinu zake zilizaliwa kwenye viwanda vya magari, wakazichukua watengenezaji wa programu za kompyuta, na sasa zinafaa popote penye watu na kazi. Zilikuwa na majina ya Kiingereza, lean na agile. Sisi tulizoea kusema tu "mbinu."

Hazikuwa ngumu. Kila kazi iandikwe kwenye kikaratasi, kibandikwe ubaoni, kihamishwe kadiri kazi inavyosogea. Asubuhi watu wakutane wakiwa wamesimama, maana aliyeketi husema sana, na kila mmoja aeleze jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kinamkwamisha. Kazi ikiisha, wajiulize nini kilikwenda vizuri na nini kirekebishwe, kisha wapige makofi kwa pamoja na kutawanyika. Na kila siku wawinde upotevu: kubeba kitu mara mbili, kuzunguka bure, kusubiri. "Ukiona mtu amekaa," alituambia, "muulize anasubiri nini. Asipokuwa na jibu, umeupata upotevu."

Pale kiwandani mbinu zilifaa, siwezi kuzisingizia. Kabla yake gunia moja lilikuwa linatembea kutoka ukuta hadi ukuta kama mgeni asiyejua choo kilipo. Baada yake lilipita mara moja tu. Wapagazi walipumzisha migongo, nami nikasifiwa. Sifa za uzeeni ni mbaya, humlevya mtu ambaye hana tena muda wa kulevuka.

Nikarudi kijijini kwetu Kishanda, kwenye kibanja cha baba yangu. Kibanja kwetu ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na humo ndimo tunamozikana. Mtu halali mbali na watu wake. Anayekata ndizi leo anapita kando ya kaburi la babu yake na kuondoa majani makavu yaliyoliangukia.

Mpakani mwangu, ng'ambo ya mstari wa mirasini, ile mimea ya kuwekea mipaka, alikaa rafiki yangu wa utotoni. Tulichunga mbuzi pamoja, tukaenda shule pamoja, tukashindwa mtihani mmoja pamoja. Aliponiona nimerudi na ubao wangu na tabia ya kutazama saa, akanibandika jina la Nyapara.

"Nyapara, leo mke wako amekuhesabia matone ya chai?"

"Cheka tu. Wewe kibanja chako kingekuwa kiwanda kingefungwa."

"Kingekuwa kiwanda ningekuwa nimeshakuuzia wewe, ukapate mahali pa kusimamia."

Mwaka ule tukapata msiba mmoja uliokwenda vibaya. Jeneza lilichelewa njiani, kaburi lilichimbwa likakuta jiwe, hakuna aliyejua nani kaenda kumchukua padri, na mvua ikatunyeshea tukiwa tumesimama na marehemu mikononi. Kwenye mkutano wa chama cha kuzikana nikasimama nikasema mambo yanaweza kupangwa. Wanaosema hivyo ndio huchaguliwa. Nikawa mwenyekiti.

Msiba uliofuata nilifika na ubao. Nikauegemeza kwenye mgomba nje ya nyumba ya wafiwa, nikabandika vikaratasi: kaburi, jeneza, padri, maji, kuni, ndizi, turubai. Asubuhi nikawakusanya watu wakiwa wamesimama. Kiongozi wa wapishi, mama mwenye ulimi mkali ambaye hakuna jungu la msiba lililowahi kumshinda, alisimama mikono kiunoni, akaanza na neno letu la heshima.

"Waitu, mwenyekiti, unaniuliza jana nilifanya nini? Jana nilikuwa sijui kama huyu mtu atakufa."

Watu wakacheka, hata wafiwa.

"Sema basi leo utafanya nini."

"Leo nitapika. Na kinachonikwamisha ni wewe, umesimama kwenye njia ya kuni."

Lakini kabla mwezi haujaisha yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akihamisha vikaratasi, akiwakaripia waliovisahau. Niligundua wanawake walikuwa wakishuka bondeni kuteka maji kila mmoja kwa wakati wake, kisha maji yanazidi asubuhi na kukosekana mchana. Tukapanga zamu. Wachimbaji wakagawana kwa makundi, likichoka hili linaingia lile. Mwenye pikipiki akajua kazi yake ni padri, wala si kitu kingine. Tukaanza kuzika mchana, jua likiwa juu, bila ugomvi. Watu wa vijiji vya jirani walikuja kuutazama ubao. Walinishika mkono, wakasema kweli shule ni shule.

Laiti ningeishia hapo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo kikaratasi chake sikujua nikibandike wapi. Kwetu, baada ya kuzika, watu hawaondoki. Wanawake hulala ndani na mfiwa, sakafuni, juu ya nyasi zilizotandazwa. Wanaume huwasha moto uani na kukaa hapo, usiku na mchana, mpaka siku ya kuanua matanga. Wanafanya nini? Hawafanyi kitu. Wanatafuna buni, wananywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kidogo kama ipo, wanasimulia vituko vya marehemu na vya watu wengine, wananyamaza. Mmoja anasinzia, mwingine anasukuma kuni. Mashamba yanasubiri, ndizi zinaiva, watoto wanakosa wa kuwapikia. Nilizunguka moto ule nikiwa na macho ya kiwandani, nikajiuliza: wamekaa, wanasubiri nini? Aliyezikwa hatarudi. Sikupata jibu. Nikajua nimeupata upotevu.

Nikalipeleka jambo hilo chamani. Nikapendekeza watu wakae usiku wa mazishi tu, kesho yake asubuhi turubai lishuke, kila mtu arudi kwenye kazi zake, na wafiwa watembelewe kwa zamu. Nilidhani watapinga. Hawakupinga. Walikuwa wamechoka, kila mtu alikuwa na vibarua vyake, na wengi walishukuru kwamba mtu mwingine amelisema. Rafiki yangu peke yake alinyoosha mkono, akauliza, "Na anayetembelewa kwa zamu, atalia kwa zamu?" Wakacheka. Nikamwambia asilete mizaha. Tukapitisha.

Mke wangu hakucheka niliposimulia nyumbani. Alikuwa anamenya ndizi.

"Mimi nikifa utaniandika kwenye kikaratasi?"

"Utaandikwa kama wengine wote."

"Basi andika kwa mwandiko mzuri," akasema, akaendelea kumenya.

Mwaka uliofuata, kipindi cha kuvuna kahawa, mke wa rafiki yangu akafariki. Aliugua kwa muda mfupi tu, kisha akatutoka. Nilisema moyoni kwamba huyu nitamzika vizuri kuliko nilivyowahi kumzika mtu yeyote. Ndivyo nilivyoonyesha upendo wangu wakati ule, kwa mpangilio. Na kweli, hakuna kitu kilichokwama. Kaburi lilikuwa tayari mapema, karibu na mti mkubwa wa kahawa aliokuwa akiuchuma kila msimu. Ubavuni mwa kaburi tuliacha nafasi ya mume, kama ilivyo desturi. Padri alifika kwa wakati. Watu walikula wakashiba. Usiku mmoja tulikaa, na asubuhi turubai likashuka.

Kabla hatujatawanyika nikawakusanya viongozi wa zamu kwa tathmini. Tulisimama pale pale uani, hatua chache tu kutoka udongo mbichi. Nikauliza kama kawaida nini kilikwenda vizuri. Wakasema jeneza, wakasema maji, wakasema makundi ya wachimbaji. Nikauliza nini kirekebishwe. Mmoja akasema chumvi. Kisha, kama tulivyozoea, tukapiga makofi kwa pamoja, mara moja, pa!

Nilipogeuka, rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni na blanketi begani. Hakuwa amekasirika, ningeielewa hasira. Alikuwa anatutazama kama mtu aliyeamka ugenini.

"Mnakwenda wapi?" akauliza.

"Kila kitu kimekwisha, ndugu yangu," nikamwambia. "Ingia upumzike."

"Kaa kidogo, Nyapara."

"Nitakuja keshokutwa. Nipo kwenye zamu ya keshokutwa."

Nilisema hivyo. Nilikuwa nimebeba ubao kwapani.

Binti yake, aliyekuja kumzika mama yake, alibaki siku chache, kisha akarudi kazini Bukoba. Nilipopita njiani jioni moja nilimwona rafiki yangu uani, amewasha moto wa kukaa msibani, magogo yamepangwa kuuzunguka kama inavyotakiwa, na yeye amekalia mojawapo. Mengine yalikuwa matupu. Nilimsalimu kutoka barabarani, akapunga mkono, nikaendelea. Kila siku yangu ya zamu nilikwenda, nikakaa muda uliopangwa. Yaliyopaswa kusemwa hayaji mtu akiwa ameshikilia kofia yake tayari kuondoka.

Kahawa yake ikaiva ikaanguka chini bila kuchumwa. Binti yake akaja akamchukua.

Nilimfuata Bukoba baada ya mvua za vuli. Binti amepanga Hamugembe, nyumba ya matofali yenye migomba pande mbili. Nilimkuta rafiki yangu barazani juu ya mkeka na mzee jirani, Mwislamu mwenye kofia ya vito, ambaye nyumba yake imetazamana na ile. Walikuwa kimya wote wawili. Yule mzee aliniletea buni za kutafuna kwenye kipande cha jani la mgomba. Rafiki yangu, ambaye kwa desturi ndiye angempa mgeni wake buni, hakusogeza mkono.

"Nyapara," akasema, "umekuja kutathmini?"

"Nimekuja kukuona."

"Haya, nione. Nini kimekwenda vizuri?"

Nilimwambia nimekosa. Sikuzunguka. Nilisema, nilikosa kukuacha, nilikosa kuwafundisha watu kukuacha. Akasikiliza akitafuna. Nikamwambia arudi Kishanda, kibanja kinaharibika, na mkewe yuko peke yake pale chini ya mti wa kahawa.

"Mke wangu ana mwenyekiti mpakani."

"Na nafasi yako ubavuni mwake?"

Hapo aligeuka akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Nimeshamwambia binti yangu. Nikifa nizikwe hapa mjini, makaburi ya kanisa. Kule sirudi, hata nikiwa maiti. Mtanizika mchana, jua likiwa juu, halafu mtanipigia makofi."

Mgeni anaweza kudhani hilo ni neno dogo. Kwa Mhaya mwenye kibanja, mwenye kaburi la baba yake na la mkewe, kuchagua kulala mjini kati ya watu asiowajua ni kujikata mwenyewe kama mgomba. Yule mzee wa kofia aliinamisha kichwa. Binti alikuwa mlangoni, alisikia, akarudi ndani.

Nilirudi Kishanda na jambo moja tu kichwani: huyu mtu arudi alale kwake. Nikaitisha mkutano. Niliwaambia chama kwamba nilikosea, kwamba kukaa hakukuwa upotevu, na kwamba naomba turudishe desturi. Kisha akasimama kiongozi wa wapishi, yule yule aliyenicheka siku ya kwanza.

"Mwenyekiti, mimi nimelala kwenye nyasi za misiba tangu niolewe. Kiuno changu kinajua idadi ya marehemu wa kijiji hiki. Wewe ndiye uliyetuambia twende nyumbani. Tukaenda, tukaona raha. Sasa unataka turudi sakafuni?"

"Waitu, naomba."

"Ukimtoa mtu mzigo kichwani, baba, usimrudishie njiani."

Nikaomba basi iwe kwa mtu mmoja, kwa ajili ya rafiki yangu tu, nipate ahadi ya kumpelekea. Kijana wa pikipiki ya padri akasema kwa adabu kabisa kwamba akikaliwa matanga mtu mmoja, wote watataka kukaliwa, na kwamba utaratibu uliopo unafanya kazi vizuri. "Si wewe mzee ulisema tuboreshe, tusirudi nyuma?" Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Niliona mikono ya watu niliowabeba mgongoni walipokuwa wadogo. Ombi langu likaanguka. Nilijiuzulu uenyekiti siku ile, na hilo nalo likaenda vizuri, bila kukwama. Walikuwa na mtu tayari.

Nikarudi Hamugembe mikono mitupu. Rafiki yangu alikuwa amekonda sana, amelala ndani akiumwa kifua. Nilikaa pembeni ya kitanda nikamwambia ukweli.

"Sikupata ahadi. Lakini ukirudi, mimi nitakaa. Mpaka matanga."

"Peke yako?"

"Na mke wangu."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo. "Watu wawili si msiba, Nyapara. Watu wawili wanaoota moto ni wagonjwa wa malaria."

"Basi niambie nifanye nini."

"Unaona? Bado unataka kazi." Akafumba macho. "Kaa."

Nikakaa. Mchana ule wote nilikaa bila kujua saa. Wakati fulani alipapasa chini ya mto, akatoa buni mbili zilizokauka, akanipa moja. Hakubadili neno lake kuhusu kaburi. Sikumuuliza tena.

Alifariki mvua za masika zilipoanza, na akazikwa pale mjini kama alivyotaka. Nilikwenda mimi na mke wangu. Mazishi yenyewe hayakuwa na mpango: gari lilichelewa, tulisimama kwenye matope, kamba moja ilikuwa fupi. Mikono yangu ilikuwa inawasha. Hata pale, Mungu anisamehe, nilihesabu ni wapi pangeweza kupunguzwa.

Kisha tukarudi barazani kwa binti, na majirani wa Hamugembe wakaja. Wakatoliki walikuja, Waislamu wakaja, mzee wa kofia akaja na mkeka wake mwenyewe. Wanawake walijazana ndani. Binti alikuwa amekaa katikati yao, na kila alipoanza kulia kulikuwa na bega karibu, halikuhitaji kuitwa. Wanaume walikaa. Mmoja alisimulia jinsi marehemu alivyojaribu kumfundisha kupogoa migomba ya uani na akaishia kuitukana migomba. Tulicheka. Tukanyamaza. Mvua ikanyesha, ikakatika. Kesho yake walikuwa bado wapo, na keshokutwa.

Nilitazama kama yupo anayesubiri kitu. Nadhani walikuwa wanasubiri huzuni ya mtu mwingine ichoke, na hawakuwa na haraka nayo. Jibu hilo lilinijia pale, likiwa halina tena wa kumfaa.

Sasa tuko Kishanda. Chama kinaendelea vizuri, kimenunua ubao mpya, mweupe, wa kuandikia kwa kalamu na kufuta. Sina ugomvi nacho. Tukifa mimi na mke wangu tutazikwa mchana, jua likiwa juu, na jioni atakayebaki kati yetu atasikia turubai likikunjwa. Hatulizungumzii jambo hilo. Yeye anakohoa siku hizi, mimi miguu inavimba.

Binti hajauza kibanja cha baba yake, ila hakuna wa kukitunza. Mirasini ya mpakani imekua mirefu. Alasiri, kama hakuna mvua, tunapita katikati yake na jembe moja, tunaondoa magugu kwenye kaburi la mke wa rafiki yangu, na hatugusi ile nafasi ya ubavuni, ambayo nyasi zimeshaifunika. Kisha tunakaa uani kwenye magogo, yale yale aliyoyapanga. Hatuwashi moto. Wakati mwingine mke wangu hufungua buni alizozifunga kwenye jani la mgomba.

Juzi alipita jirani mmoja na baiskeli, amefunga mkungu wa ndizi nyuma. Akasimama, akaweka mguu chini.

"Wazee, shikamooni. Mnasubiri nani hapo? Wenyewe si hawapo?"

Nilipangusa udongo kwenye jembe.

"Marahaba, mwanangu," mke wangu akamjibu. "Nenda salama. Tumekaa tu."